Shangazi Eunice Hakushuka

Shangazi Eunice Barlow alizaliwa kisiwani, kwenye kivuli cha miti ya mikadi. Serikali ilipowahamisha watu wote kuwaleta huku misheni, yeye alikuwa bado mtoto wa kubebwa. Kisiwa kikabaki na ndege na kasa. Kanisani tunakaa benchi moja, na ukifika wakati wa maombi alikuwa na ombi moja tu: akanyage pale alipozaliwa kabla Mungu hajamwita.

Mashua ilikuwepo. Lyle, mtoto wa dada yake, ni askari wa hifadhi ya kisiwa hicho, na mashua ya kazi anayo. Kilichokosekana ni maneno. Kwetu mtu hashuki kwenye ardhi ya wazee bila hodi. Unasimama majini, unawaita waliotangulia kwa lugha ya kisiwa kile, unasema wewe mtoto wa nani, kisha unapaka jiwe jasho la kwapani unalitupa ili wakunuse. Lugha ile ilikuwa imebaki kwa kaka yake peke yake. Kaka alimrekodia maneno ya hodi kwenye kaseti, na Shangazi akawa anajifunza akiosha vyombo.

Kaka mtu akafariki. Jina lake silitaji, bado mapema; kwetu jina la marehemu halitajwi mpaka muda upite. Nyumba tuliifukiza kwa majani, vitu vyake tukavichoma. Shangazi akaitupa na kaseti motoni.

"Hiyo si ungeificha tu, Shangazi?" nikamwuliza.

"Sauti yake ikibaki, ataondokaje? Maneno nimeshayashika."

Msiba ulipopoa, Lyle akatupeleka.

"Umekaa kama gavana, Shangazi," akamtania njiani.

"Endesha wewe. Ukinimwagia chai nakutosa."

Tulifika maji yakipwa. Kuta za mawe ambazo babu zake walijenga kunasia samaki zilikuwa zimeanza kuonekana. Shangazi akateremka majini, maji ya magoti, akaita. Sentensi ya kwanza ikatoka vizuri, mpaka nikasisimka. Ya pili haikuja. Akaanza tena. Ikaishia palepale.

"Kila nikifungua mdomo unakuja wimbo wa kanisani," akasema.

Nikashuka nikamshika mkono, tukaomba. Niliomba kwa moyo wangu wote. Maneno hayakuja.

"Waambie kwa Kiingereza, Shangazi," Lyle akasema taratibu. "Ni wazee wako, watakuelewa."

"Kiingereza walikisikia siku ile tulipochukuliwa. Leo niwaite kwa hichohicho?"

Lyle akaishika mashua isisukumwe na maji.

Ufukweni palikuwa na watalii, wameshuka kwenye boti yao nyeupe, wanachoma soseji. Mama mmoja mwenye kofia akatuona tumesimama majini akapaza sauti: "Njooni, nafasi ipo! Mbona mnaogopa?"

Shangazi akampungia mkono kwa adabu.

"Anatukaribisha," akaniambia. Jiwe alikuwa bado amelibana kwapani. "Nisaidie kupanda, mwanangu. Miguu imekufa ganzi."

Tukampandisha. Kurudi, Shangazi hakukitazama kisiwa.

Jumapili huwa anakuja kanisani bado, na gauni lake la bluu, anaimba sauti ya pili kama zamani. Mchungaji akiuliza nani ana ombi, mimi humgusa kiwiko. Anatikisa kichwa. Nilijaribu kumwombea mimi, kwa sauti, mbele ya watu wote, akanishika goti.

"Acha, binti," akasema. "Usimsumbue Mungu kwa kitu nilichokichoma mwenyewe."