Mawe Madogo ya Bwana Kokoto

Ipo siku moja, mwanangu, nikiikumbuka hucheka peke yangu mpaka wajukuu huniuliza nina nini. Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Baba alikuwa ameanguka kutoka juu ya mnazi, hawezi kusimama, na ukuta wa nyumba yetu pale kijijini Kanga umepasuka upande anakolala. Masika yalikuwa yanakaribia. Mjomba Shaweji, mchoma chokaa, akaniambia, "Njoo machimboni. Ukivumilia hadi tanuri liive, chokaa ya ukuta wa mama yako ipo."

Tulichimba mawe ya matumbawe ardhini kwa sururu na mtaimbo. Mikono ilinichubuka hadi nikashindwa kushika tonge. Vijana wenye misuli walishindana nani atapandisha jiwe kubwa zaidi juu ya magogo ya tanuri. Mimi, mwembamba kama ufito, nilipasua yangu kwa nyundo yakawa ya kukaa kiganjani. Wakaniita Bwana Kokoto. Niliona haya, wallahi, nikataka kutoroka.

Mjomba akanishika bega. "Unakwenda wapi? Moto hauangalii nani kabeba. Wewe pasua."

Na wale vijana wenye misuli aliwaambia vivyo hivyo, wapasue. Waliitikia "naam," wakaendelea kushindana.

Tanuri likawashwa, tukaimba, kina mama wakaleta mihogo. Lilipopoa, Mjomba akayamwagia mawe maji. Yangu yakatoa mvuke, yakapasuka yenyewe, yakawa unga mweupe. Yale makubwa yalikuwa yameiva juu juu tu, ndani mabichi. Ikabidi wenyewe wayapasue ili yachomwe upya, nami nikawahimiza kwa adabu zote, "Pasueni, kina kaka." Dau la mnyonge haliendi joshi, likienda joshi ni Mungu kupenda; siku ile langu lilikwenda mbio.

Ukuta tuliupiga lipu kabla ya mvua kushuka. Mama alitoka uso mweupe kwa chokaa, akacheka hadi akakaa chini. Baba akanitania kutoka kitandani, "Fundi, shikamoo." Nilifurahi hadi machozi, sauti haikutoka.

Basi mwanangu, leo unawatazama wenzako kwenye simu wakibeba makubwa, unajiona si kitu. Kazi kubwa ipasue vipande unavyoviweza, kila kimoja kiive hadi ndani. Na mkubwa akikuelekeza ukaitikia naam, basi tenda. Mungu akupe mikono isiyochoka, na akujaalie siku mzazi wako akuamkie kwa utani, nawe ushindwe kuitikia marahaba.