Paşa na Sahani za Jirani

Katika makazi ya paka pale Üsküdar kuna chumba cha paka wazee na wagonjwa, na chumba hicho kina mwenyewe: Müzeyyen, fundi cherehani mstaafu, mwanamke mfupi mwenye mdomo mkali na mikono mipole. Wenye kisukari huwachoma sindano wakiwa wanakula, wala hawashtuki. Mwenye pumu humshikia kinyago hadi avute dawa yote. Watu wakija kutafuta paka wa kufuga huchagua vitoto wakaenda zao. Müzeyyen aliwachagua hawa ambao hakuna aliyewataka. Usije ukamwambia kwamba wanangoja kufa tu, atakutoa nje.

Kipenzi chake alikuwa Paşa, chongo, mwenye manyoya ya rangi ya chungwa na figo zilizochoka. Kila asubuhi alimtundikia dripu ya chini ya ngozi huku akimsema kama mtu amsemavyo mumewe. Lakini mwaka huo Paşa alizidi kukonda, na daktari akasema damu imechafuka mno. Akiendelea hivi, hamalizi kiangazi.

"Chakula chake mbona nampimia mwenyewe?" Müzeyyen alishangaa. Ndipo akaamua kulichunga dirisha.

Loo! Dirisha lilitazama mtaani, na sahani zilikuwa zikipenyezwa kwenye nondo toka asubuhi. Samaki wa chumvi wa Hikmet, mwenye duka la samaki. Jibini la mama wa ghorofani. Soseji ya kinyozi. Mtaa mzima ulikuwa unamuua mzee wa watu kwa mapenzi.

Aliwakataza. Wakamcheka.

"Kumnyima paka ni dhambi, Dada," Hikmet alisema. "Tena mgonjwa! Mgonjwa si ndiye wa kulishwa?"

"Chumvi yako inammaliza."

"Aa, kidogo tu hicho!"

Sasa, kwao kama kwetu, sahani ya jirani hairudi tupu. Ukikosa kabisa, utatia hata tofaa moja. Müzeyyen alizikusanya sahani zote, akamwaga vilivyomo, akaziosha, akazirudisha mlango kwa mlango mchana kweupe. Tupu! Hikmet aliiva uso mbele ya wateja wake.

"Nimekukosea nini, Dada, hata univunjie heshima hivi?"

"Heshima yako itapona, Hikmet. Figo za Paşa haziponi." Hapo akaishusha sauti, yeye wa mdomo mkali. "Nampenda yule mzee. Nawe unampenda, najua. Basi mletee maji. Maji matupu, anywe sana."

Kesho yake Hikmet alifika dirishani na bakuli la maji safi, amenuna. Keshokutwa akafuata kinyozi, kisha mama wa ghorofani, na haikupita wiki wakaanza kugombania zamu.

Kiangazi kikaisha, Paşa yupo. Daktari alimpima akakuta ameongeza mwili na damu imetulia.

Siku moja mpita njia, mgeni wa mtaa, alimrushia Paşa kipande cha jibini. Hikmet alichomoka dukani na magamba mikononi.

"Wewe! Huyo mgonjwa wa figo! Unataka kutuulia?"

"Liokote hilo jibini!" mama wa ghorofani alipiga kelele. Kinyozi naye alishafika, kamwacha mteja na povu kidevuni.

Ndani, Müzeyyen aliendelea kumchana Paşa manyoya, machozi ya fahari yakimtiririka. Miaka yote aliyowagombania wazee wake, hii ilikuwa mara ya kwanza hakuhitaji kufungua mdomo.