Binti wa Garsen anayelinda mchezo wa mtandaoni dhidi ya simu za majirani zake

Saa tano asubuhi, siku ya mnada, mbuzi ni wengi Garsen kuliko watu, na jua limewaka kiasi kwamba hata kivuli kinatafuta pa kujisitiri. Nyuma ya duka la dawa za mifugo, Sagal Hared ameketi kwenye kiti cha plastiki, feni ikimpulizia miguuni, macho yake kwenye skrini mbili.

Mstari wa kijani unatambaa polepole. Ghafla unapanda.

"Huyu si mchezaji," asema bila kugeuka. "Mchezaji hubisha hodi mara moja. Huyu anabisha mara mia tatu kwa dakika."

Anabonyeza vitufe vichache. Mstari unashuka. Huko nje dalali anaapa kwa jina la Mungu kwamba beberu wake hajawahi hata kukohoa. Beberu anakohoa.

Sagal, 27, ni mlinzi, ila anacholinda hakina ukuta wala mbwa. Ni seva za Msafara, mchezo wa simu unaokutanisha wachezaji elfu ishirini. Wanacheza katika vikosi vya watu watano, kila kikosi kikivusha ngamia wake jangwani bila kuporwa. Kazi yake ni kuwazuia wahalifu wanaorusha maombi ya uongo kwa mkupuo hadi seva zinazidiwa na mchezo unakatika kwa kila mtu.

"Ni kama watu elfu wasionunua kitu wakijazana mlangoni mwa duka," aeleza. "Mnunuzi atapita wapi?"

Kazi hiyo humpa Sh38,000 kwa mwezi kutoka kampuni ndogo ya Nairobi. Hakuitwa na mtu. Baada ya kusomea tarakilishi Mombasa kwa miaka miwili, alirudi nyumbani akawa anauza dawa ya kupe. Jioni moja aliiandikia kampuni hiyo barua ya kurasa nne akiwaonyesha mahali walipoacha seva zao wazi. Walimjibu kwa kumwajiri.

Mwaka wa kwanza maadui walitoka mbali. Wa pili, walitoka mlangoni pake.

Wakazi wa Garsen, Golbanti, Kau na vijiji jirani katika delta ya mto Tana wanapotumia mtandao wa simu, wote hutokea upande wa pili wakiwa na anwani moja. Ni kama mji mzima kupita kwenye mlango mmoja. Mwezi wa tatu mwaka huu, shambulio kubwa lilipitia mlango huo. Sagal aliufunga papo hapo.

"Nilifunga bila kuwaza," akiri. "Kisha nikasikia mtu analaani huko dukani. Alikuwa Adeer."

Adeer ndivyo Wasomali wanavyomwita ami, na huyu ni Farah Abdiwahid, 71, mwenye duka na mfanyabiashara wa mifugo. Siku hiyo siri yake ilifichuka. Mzee huyu mwenye ngamia kumi na mmoja malishoni alikuwa na wengine mia mbili ndani ya simu, simu yenyewe ikiwa na nyufa nyingi kuliko ardhi ya malisho wakati wa kiangazi.

Sagal aliipekua simu hiyo na kukuta nakala bandia ya Msafara iliyoahidi ngamia wa bure. Kwa kuwa bando ni ghali, watu wa Garsen hawapakui programu mtandaoni. Hurushiana kutoka simu hadi simu, mnadani, msikitini, kituo cha basi. Mtu mmoja alileta nakala mbovu, mji mzima ukaila. Simu hizo zilikuwa zikishambulia seva na wenyewe hawana habari.

"Mimi nimeshambulia Nairobi?" Farah aliuliza. "Mimi sijampiga jiwe hata mbuzi wa jirani!"

"Simu yako, Adeer. Ulipokuwa ukila chakula cha mchana."

Mzee anacheka akikumbuka. "Maisha yangu yote sijanunua mnyama bila kumtazama meno," asema. "Hawa wa simu hawakuwa na meno, nami nikawachukua."

Nairobi hakukuwa na kicheko. Teresia, mwenye kampuni, alimwambia Sagal mlango huo ubaki umefungwa. Kati ya wachezaji elfu ishirini, wa delta ya Tana walikuwa 412 tu. Kuufunga mlango wao moja kwa moja hakungegharimu chochote. Sagal aliomba kuufungua kwa majaribio hadi mashindano ya mwezi wa sita. Shambulio moja likipita Tana siku hiyo, mlango ungefungwa daima.

"Ningekuwa nimewafungia watu wangu kwa mkono wangu," asema Sagal. "Vijana wa hapa hawana uwanja wa maana. Mto ukifurika, hata barabara hawana. Huko ndani wanakutana na watu wa Kisumu na Dodoma, wanashinda, wanajulikana."

Jibu alilipata mnadani. Mgeni hauzi mnyama hapa mpaka mtu anayejulikana asimame naye. Mnyama akigunduliwa kuwa wa wizi, wa kwanza kutafutwa ni mdhamini.

Sagal alianza kusafisha simu moja moja, huku madalali wakimpigia debe bure kwa sauti zinazoweza kuwaamsha viboko wa Tana. Kila simu iliyosafishwa ilipewa alama ya siri, kama chapa ya ng'ombe. Isiyo na alama haipiti. Na kila mchezaji alitaja mdhamini: simu yake ikishambulia tena, wote wawili hufungiwa siku thelathini.

Siku tatu kabla ya mashindano, sheria hiyo ilimnasa Nelly Komora.

Nelly, 24, mkulima wa mpunga wa Golbanti, ndiye mchezaji hodari kuliko wote katika delta. Alikuwa amemdhamini binamu yake Hulda. Simu ya Hulda, baada ya kusafishwa, ilirushiwa tena nakala bandia, ikarudia makosa. Nelly alifika dukani kwa bodaboda, kofia ya mwenye boda bado kichwani.

"Nifungulie, Sagal."

"Siwezi."

"Huwezi ama hutaki?"

"Simu ya Hulda imerusha maombi elfu tano tangu jana. Nani alimdhamini?"

"Aliniambia ameifuta ile takataka!"

"Uliangalia?"

Nelly alivua kofia. Farah akajaribu kuingilia. "Mfungulie, binti yangu. Huyu ndiye ananivushia ngamia."

"Adeer, nikimfungulia yeye leo, kesho nitakufungulia wewe. Keshokutwa mlango hauna kazi."

"Sawa," Nelly alisema. "Ulinde vizuri huo mlango wako." Akatoka bila kunywa chai, jambo ambalo katika duka hilo hutokea mara moja kwa miaka kumi.

Usiku ule, asema Sagal, kidole chake kilirudi kwenye kitufe cha kumfungulia mara nyingi. Hakukibonyeza.

Jumamosi ya mashindano, saa tisa alasiri, shambulio lilikuja kutoka nchi saba, zito kuliko yote aliyowahi kuona. Sagal alifunga mlango huu, akabana ule. Mstari wa Tana pekee ulibaki ukitambaa chini, wa wachezaji halisi. Mchezo haukukatika hata dakika moja. Kikosi cha Golbanti, kikiwa na watu wanne, kilitolewa katika saa ya kwanza.

"Nilikuwa nimeshaandika barua ya kuufunga mlango wa Tana," asema Teresia kwa simu. "Niliifuta. Niliposikia amemfungia hata mchezaji wake bora, nikajua sheria yake si ya mdomo."

Sagal hakusherehekea. Wiki nzima alituma salamu Golbanti, hazikujibiwa.

Kisha, Jumatatu iliyopita, Nelly alirudi. Aliweka simu ya Hulda kwenye kaunta, akavuta kiti, akasubiri ikaguliwe. Ilikuwa safi.

"Andika jina langu tena hapo kwa mdhamini," alisema.

"Una hakika? Bado una siku kumi na nane nje."

"Nimekaa nayo siku tatu mfukoni mwangu. Nimeipekua kila kitu, hata picha za huyo mpenzi wake. Andika."

Sagal aliandika, Farah akaleta chai. Sasa binti huyo amechora ramani ya vijiji arobaini, kuanzia Garsen hadi Kau, na kando ya kila kimoja ameacha nafasi ya jina moja: mtu atakayekagua simu za kwao kabla hazijabisha hodi. Kwa Golbanti nafasi imejazwa na Nelly.

"Kabla ya mashindano ya Desemba nataka thelathini na tisa wengine," asema. "Wenye hasira kama zake, ikiwezekana."