Mwiko wa Mama Keki

Jirani alininong'oneza kwamba Mama Keki hulamba mwiko, kisha huurudisha kwenye bakuli. Nikasema moyoni, wivu tu huo. Mwanangu alikuwa anatimiza mwaka, na hata keki ya harusi yangu aliipika mama huyohuyo.

Nilipokwenda na mwanangu kuagiza keki, nilimkuta akikoroga krimu ya kupambia. Akaulamba mwiko, akaurudisha. Akalamba tena, na tena, mate yaking'aa kwenye mti. Kinyaa kikanishika. Nikamkumbatia mtoto, nikaanza kurudi kinyumenyume.

"Binti yangu, usiondoke," akasema, akininyooshea mwiko uleule. "Tangu niugue, ulimi wangu hausikii utamu. Hebu nionjee, sukari imetosha? Na tafadhali, usimwambie mtu."