Miiba Juu ya Tuta la Manjano

Siku yangu ya kwanza katika bustani ya miche, mjini Tabora, nilifika kabla lango halijafunguliwa, kwa hofu ya kuchelewa. Msimamizi wa bustani, mzee wa kaptula ya kaki iliyonyooshwa kwa pasi, alinipeleka moja kwa moja kwenye manjano.

Siku hizo yalipandwa kandokando ya njia za ofisi kwa uzuri wa majani yake mapana na ua jeupe linalojificha katikati. Dawa ilikuwa chini, kwenye tunguu, ambalo akina mama walilitwanga kwa ajili ya vidonda na kikohozi. Kila tunguu lina macho, yaani vichomozo ambako chipukizi hutokea. Jicho likivunjika, hapo hapaoti kitu.

"Kiangazi yatakauka yote," alisema. "Usiyamwagilie, usiyafukue. Manjano yanataka mtunzaji mvivu kidogo. Wewe binti, u mvivu?"

"Hapana, bwana!" nilijibu upesi, nikidhani nimefaulu.

"Basi kazi ipo."

Miaka ya vijiji vya Ujamaa nilihamishiwa upande wa Usinge, nikawa Bibi Shamba. Nilikwenda na debe moja la matunguu, kwa sababu familia zilizohamia kijijini zilikuwa zimeacha manjano yao kwenye mahame. Msimamizi alinionya kwamba hana mbegu nyingine ya kunipa. Nikapanda matuta matatu, nikayafunika kwa nyasi kavu, nikangoja mvua.

Mvua ikachelewa. Nilikonda kwa wasiwasi. Je, yameoza? Mchwa je? Asubuhi moja nikafukua kidogo kwa kidole, nitazame tu. Jicho likakatikia kwenye ukucha wangu. Badala ya kukoma nikazidi kuogopa, na kila nilipoogopa nikafukua tena, tuta la kwanza, kisha la pili, nikifukia harakaharaka kama mwizi.

Mama Shija, kiongozi wa akina mama wa kijiji, alinikuta nimepiga magoti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Bibi Shamba, mtoto akilala unamwamsha umuulize kama amelala?"

Nililia. "Mama, nimeua mbegu zenu."

Akainama, akaokota jicho lililovunjika. Alikuwa ameacha manjano ya mama yake kule alikotoka, na kuliona jicho lile mkononi mwake kuliniuma kuliko tusi.

"Limebaki lipi?"

"La tatu. Sijaligusa."

Akaenda porini, akarudi na mzigo wa matawi ya miiba, akalifunika tuta lote. "Hii si ya mbuzi," alisema. "Ni yako."

Mvua iliponyesha, matuta mawili yalibaki udongo mtupu. La tatu likatoa ncha za kijani katikati ya miiba. Mavuno yake hayakutosha nyumba zote. Wengine walingoja msimu mwingine, nami niliwaomba radhi mlango kwa mlango.

Msimamizi alikuja kukagua, akaishangaa ile miiba. "Mbuzi ni wengi huku?"

Mama Shija akajibu, "Ni mmoja tu, bwana. Tumeshamdhibiti."

Sasa nimestaafu, niko nyumbani Kanyenye, mjini Tabora. Vijana huniuliza siri ya manjano yangu, nami huwaeleza habari za udongo na kivuli. Uzoefu wa miaka yote ile haujanipunguzia hofu hata chembe. Kila kiangazi kidole bado kinaniwasha. Kwa hiyo majani yakishakauka naweka miiba juu ya tuta. Mbuzi sifugi, wala kuku.