Kaka Niliyemwondoa Kwenye Shairi

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kiwanda kidogo cha uchapaji pale Mchafukoge, Msimamizi alinisimamisha mbele ya kasha la herufi za madini ya risasi. Alikuwa Mchaga mpole wa sauti, mkali wa macho. "Kijana, hapa tunasoma kichwa chini," alisema. "Ukishazoea, utaona vitabu vya watu ndivyo vilivyogeuzwa."

Nilikuwa mpangaji wa herufi. Unaokota herufi moja moja, unazisimamisha kwenye kishikio cha chuma mpaka mstari ujae, kisha ukurasa mzima unafungwa kwa kamba na kupelekwa mashineni. Herufi zetu zilitengenezwa Ulaya kwa lugha za huko, kwa hiyo K na A hazikututosha hata siku moja. Kuagiza nyingine kulihitaji kibali, na miaka ile ya Ujamaa kibali hatukukipata.

Tulichapa fomu, vijitabu vya elimu ya watu wazima, na jarida moja la fasihi. Hilo jarida nililipenda mno.

Nikiwa na miaka minne kazini, liliingia shairi la Rukia, muuza kanga wa Kariakoo. Alimlilia kaka yake, kuli wa bandarini aliyefariki kwa homa. Kila ubeti ulianza kwa kumwita: *Kaka kofia ya kazi, ingali msumarini.* Beti kumi na mbili. Kwenye ubeti wa saba K zikaniishia. Mashine inasubiri, Msimamizi yuko msibani Magomeni. Nikawaza: "Ndugu" nayo ina silabi mbili, mizani haitaharibika. Nikaweka Ndugu kwenye beti zote kumi na mbili, nikamaliza ukurasa. Sikumwambia mtu.

Shairi likapendwa kupita kiasi. Siku zile sote tuliitana ndugu, basi watu wakadhani linawasifu wafanyakazi wote. Likaghanwa mikutanoni. Nami nikajiona fundi kweli.

Asubuhi moja Rukia akaingia kiwandani, jarida mkononi.

"Nani amemwondoa kaka yangu?"

"Ni mimi, dada," nikasema. "K ziliniishia."

"Ndugu ni kila mtu. Mimi nilikuwa na kaka mmoja. Nimemsomea mama, ananiuliza, mbona mwanangu humu hayumo?"

Msimamizi alimpeleka kwa Mhariri wa jarida, na baada ya muda mfupi wakarudi. Mhariri amekataa kusahihisha. Shairi limependwa hivyo, liachwe hivyo.

Msimamizi akavua miwani. "Yeye ni mkubwa wa jarida. Mkubwa wa herufi ni mimi." Akanigeukia. "Fungua kurasa zako zote zilizokwisha kupangwa. Toa K."

Nilizibomoa fomu nilizozipanga wiki nzima. Rukia alikaa kwenye benchi akisubiri. Nilipanga shairi lake upya, tukachapa karatasi mbili, yake na ya mama yake. Alisoma amesimama, kidole kikipita juu ya kila Kaka. Alipofika mwisho alijifuta macho kwa ncha ya kanga, akaniambia, "Sasa ni yeye," akaondoka.

Herufi za risasi zilikwisha kuyeyushwa wakati nastaafu. Kompyuta haziishiwi K. Juzijuzi nilikwenda maktaba kulitafuta lile jarida. Binti wa maktaba akaniamkia shikamoo, akaniletea. Ndugu walikuwapo wote kumi na wawili. Nikaomba kalamu.

"Babu, hairuhusiwi kuandika humo," akasema.

Nikamsimulia kisa chote. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanipa kadi nyeupe. "Andika hapa. Na jina lako uweke. Nitaihifadhi ndani ya ukurasa huohuo."

Nikaandika kwamba kila Ndugu hapo alikuwa Kaka, na aliyembadilisha ni mimi, kisha nikaweka jina langu. Vijana huniuliza kazi ile ilinipa nini. Nilipanga maneno ya watu maisha yangu yote, na jina langu halikuwahi kuchapwa popote. Sasa lipo maktaba, chini ya kosa langu, kwa mwandiko wangu mwenyewe. Naridhika likae hapo.