Jiwe Lililoulizwa Swali Moja

Saa tatu asubuhi mjini Garsen, jua limekwisha kukaza. Ndani ya chumba cha mabati kinachopimiwa vifaa vya ujenzi, Mwaro Kombe anapangusa vumbi la mashine ya kukandamizia mawe. Anasimamisha juu yake kipande cha jiwe cha mviringo, kirefu kama kiganja, kisha anageuka kumtazama mtu aliyeketi mlangoni.

Mtu huyo ni Hirbo Diba, mfugaji Muorma, na magongo yake mawili yameegemea ukuta. Novemba iliyopita, daraja dogo la mfereji upande wa Ngao liliporomoka ng'ombe wake wakiwa juu. Tisa walikufa. Paja la Hirbo lilivunjika mahali pawili.

Mawe yaliyobeba mihimili ya chuma ya daraja hilo yalipimwa na Mwaro. Karatasi ya matokeo ina saini yake.

Mwaro, mwenye umri wa miaka hamsini na mmoja, ni mwana wa wakulima wa Kigiriama waliohamia huku kutoka kusini. Kwa miaka kumi na tisa alipima udongo. Katika nchi hii ya tope mtu aweza kukua hadi akaoa asikanyage mwamba. Mafuriko huja, hutandika tabaka juu ya tabaka, na yote hulala sawasawa.

Basi malori yalipoleta mawe ya bara, yaliyopikwa na joto la chini ya ardhi na kubanwa hata yakawa na matabaka mfano wa kurasa za kitabu, Mwaro aliyatendea kama alivyozoea kuutendea udongo. Aliyalaza, akayatoboa kutoka juu kutoa vipande vya mviringo, akavikandamiza kutoka juu. Vipande vyote vitano vilistahimili zaidi ya tani ishirini na tano. Akaandika kwamba yanafaa.

“Sikudanganya,” anasema. “Kila nambari niliyoandika ni ya kweli. Lakini niliuliza jiwe swali moja tu.”

Mihimili ya daraja ilisimama kwa kuinama, ikayasukuma mawe mshazari. Hilo Mwaro hakulipima.

Wakaguzi waliandika kwamba maji ya mafuriko ndiyo yaliyokula kingo. Angeweza kunyamaza, akaendelea kupokea mshahara wake wa shilingi elfu thelathini na nane, asiulizwe na mtu. Badala yake aliokota mawe yaliyosalia mferejini, akayatoboa upya kwa wima na kwa mshazari, akamtumia Hirbo ujumbe mara tatu. Mara mbili Hirbo alikataa. Leo amekuja, naye kabla ya kuketi alikwisha kumtania mwenyeji wake, akitaka kujua tangu lini Mgiriama akaacha minazi akaja kugema mawe.

Kipande cha kwanza kina matabaka yaliyolala. Mshale wa mashine unapanda polepole, unapita ishirini, unafika ishirini na saba. Jiwe linapasuka kwa kishindo na kumwaga vibanzi. Hirbo anashtuka, anashika paja lake.

Kipande cha pili, cha jiwe lilo hilo, matabaka yake yameinama. Mshale unafika tani nane. Hapasikiki kishindo. Nusu ya juu inateleza juu ya nusu ya chini, kama ndara juu ya mchanga, na mshale unarudi sifuri.

Hirbo anaomba kipimo kirudiwe. Kipande cha tatu hakifikishi hata nane.

“Kwa hivyo si mafuriko,” anasema Hirbo.

“Si mafuriko, ndugu yangu. Ni mimi.”

Hirbo anaeleza, pasipo kuinua sauti, kwamba wazee wa kwao walimhukumu yeye. Walisema aliwasukuma ng'ombe wote kwa pamoja, kwa pupa ya kuwahi kunywesha. Mtu wa pupa hakabidhiwi mifugo ya wenziwe, nao ile aliyokuwa akiwachungia wakaiondoa mikononi mwake.

“Hata Hawa, mke wangu, alisema hivyo,” anaongeza. “Miezi saba. Mwishowe mimi mwenyewe nikaamini.”

Mwaro anaizima mashine. Aliyekabidhiwa kipimo hukabidhiwa pia watu watakaokanyaga juu ya alichokipima, na majuto hayamrudishii mtu ng'ombe wala heshima.

Mwajiri wake amekwisha kupata barua yake ya kukiri kosa. Huenda ikamtoa kazini. Akibakishwa, amekusudia kwamba kila jiwe la matabaka litakaloingia chumba hiki litakandamizwa likiwa limelala, limesimama na limeinama, hata mwenye lori akinung'unika.

Lakini kwanza Hirbo ana sharti. Ijumaa, baada ya swala, Mwaro aende kwao na vipande hivi, aseme mbele ya wazee maneno aliyoyasema hapa.

Mwaro anavifunga vipande katika gunia, kimoja kimoja, asichanganye nusu za kimoja na za kingine.

“Nitafika,” anasema. “Ila kabla ya wazee, nipeleke kwa Hawa.”